Breki ya Pili ya Lori Lisilo na Dereva

Siku yangu ya kwanza kwenye gereji ya Gerezani, Fundi Mkuu hakuniuliza cheti. Aliniingiza chini ya basi, akanishikisha kopo la chuma lililo nyuma ya tairi.

"Binti, humu kuna springi. Upepo wa breki ukiwepo, springi imebanwa. Upepo ukiisha, inafyatuka, inakamata tairi yenyewe. Hapo hata dereva awe amezimia, awe amekufa, gari litasimama. Hiyo ndiyo breki ya pili. Usiichezee."

Tuliichezea, maana kazi ilidai. Basi likiishiwa upepo katikati ya Kariakoo halivutiki, mpaka uirudishe springi nyuma kwa boliti ndefu ili tairi ziachie. Sisi tuliita kuilaza breki. Ukimaliza unamwambia mwenzako, "Imelala," naye anajua gari halina tena kinga, aliwekee jiwe. Neno hilo lilitutosha miaka yote.

Nikahamia karakana za mabasi, kisha za malori. Mwishoni mimi na Selemani, fundi mwenzangu tangu ujana, tulichukuliwa na kampuni iliyokuwa ikijaribu lori lisilo na dereva kwenye yadi ya mizigo. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikifunga breki ya kwanza. Sisi tulitunza ile ya pili, ya siku kompyuta itakapopotewa na akili.

Asubuhi moja Selemani aliilaza ili lori livutwe hadi kwenye shimo la ukaguzi. Meneja wa Majaribio, kijana muungwana kabisa, akapita na wageni.

"Shikamoo mzee. Vipi gari?"

"Marahaba. Imelala, bosi."

Kwa watu wengine, gari iliyolala ni iliyoegeshwa tu. Meneja akashukuru, akaliwasha kwa simu yake mbele ya wageni. Lori likaanza kuteremka mteremko wa yadi, umeme wake ukakatika, kompyuta ikazimika, na hakukuwa na kitu cha kulikamata. Selemani alikimbia na jiwe aliweke mbele ya tairi. Lori likampitia.

Baada ya mazishi Mkurugenzi aliniita. "Mama, tuseme tu mzee alizembea, mambo yaishe."

"Sema wewe. Mimi mdomo huo sina."

Nikavua ovaroli, nikaenda zangu nyumbani Magomeni. Ndivyo nilivyostaafu, bila hata soda ya kuagwa. Nao wakasema hivyo hivyo bila mimi.

Vijana, sina ugomvi na mashine zenu. Nina uchungu na watu wanaoweka breki mbili kwenye gari, kisha hawaulizani kama zote zinafanya kazi.

Wiki iliyopita alikuja Zuhura, binti wa Selemani. Kamaliza chuo, na kampuni ileile imemwajiri upande wa breki.

"Mama, kule bado wanasema baba alizembea."

"Na bado unaenda?"

"Naenda. Nisipoenda, nani atawaambia ukweli?"

Nilimweleza yote ninayoyajua mpaka chai ikapoa. Alipoaga sikuinuka kumsindikiza. Nilijua nikifika naye mlangoni nitamshika mkono nisimwachie.