Tembo Ndani ya Mkate

Unga wa mchele ukiumuka hutoa harufu ambayo sijui nimweleze vipi mtu asiyeijua. Ni tamu na chachu kwa pamoja, ina iliki na tui la nazi, na chini kabisa kuna kitu kingine kinachokuna pua. Jumamosi iliyopita nilifunika bakuli la unga kwa kitambaa, nikaliacha karibu na jiko, nikasahau. Niliporudi, harufu ile ilinipokea mlangoni, nikawa tena msichana wa darasa la tatu mwenye gauni la mtumba kutoka Gikomba na viatu vya kubana, niko safarini kutoka Kaloleni kwenda Kaloleni.

Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Sisi tulikaa Kaloleni ya Nairobi, kwenye zile nyumba za mawe zenye paa za vigae, ambako karibu kila baba alikuwa mtu wa reli au wa baraza la jiji, na karibu kila mama alitoka magharibi kama mama yangu. Kaloleni ya pili iko pwani, ukishapita Mariakani, katikati ya minazi. Huko ndiko alikotoka Kazungu, karani mpole wa ofisi moja na Baba, aliyekuwa akicheka kabla ya kumaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe. Na Kazungu alimpenda mama mdogo Rosebela.

Rosebela alikuwa mdogo wake Mama na aliishi nasi. Wazazi wao walikufa mapema, Mama akamlea mgongoni naye bado ni msichana. Kwa hiyo neno la mwisho kuhusu ndoa ya Rosebela lilikuwa la Mama, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mama alikuwa na pua iliyoogopwa mtaa mzima. Jirani yetu Mzee Omolo akitoka kunywa alizunguka upande wa pili wa nyumba huku akitafuna majani ya kitunguu, na bado Mama alimsalimu kutoka dirishani: "Omolo, leo umekunywa ya mahindi ama ya mtama?" Hakukosea hata siku moja. Pua hiyo aliifunza nyumbani kwao, ambako mama yake alipika busaa ili kupata karo, na baba yake akawa anamaliza ile isiyouzika, mpaka asubuhi moja wakamkuta amelala kifudifudi kwenye kijito, amekufa. Siku ya mazishi Mama aliapa kwamba pombe haitagusa ulimi wake. Baadaye akaokoka, na kiapo kikazidi uzito. Sote tulikijua, maana alikitolea ushuhuda kanisani, amesimama na kitambaa chake cheupe kichwani, na wanawake wengine walilia.

Basi wazee wa kina Kazungu walifunga safari kuja Nairobi kuzungumza mambo ya ndoa. Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi wageni walikuwa wameshaondoka, na nilipokuwa naosha soksi kwenye karai niliwasikia Baba na Mama ndani.

"Hiyo tembo yao haitaingia kwa nyumba yangu," Mama alisema.

"Lakini kwao tembo ndiyo inafungua maneno," Baba akasema. "Bila hiyo hakuna harusi."

Nilielewa kila neno. Kama ningekuwa mtoto wa pwani, nyumbani wangesema "tembo lao" na ningejiuliza ni mnyama gani huyo wa kuitwa hivyo. Lakini sisi watoto wa Eastlands tulikulia kwenye Kiswahili ambacho kila kitu ni "hiyo". Kiti ni hiyo, mbuzi ni hiyo, mti ni hiyo. Tembo niliyemjua mimi alikuwa mmoja tu, yule mwenye mkonga, aliyebandikwa ukutani darasani kwetu. Nami nilikubaliana na Mama kabisa. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja na jiko dogo. Mnyama yule asingepita hata mlangoni. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini mama mdogo alilala chali kitandani akilia, machozi yakiingia masikioni.

Mwishowe ilikubaliwa kwamba twende sisi kwao. Huko Mama angetakiwa kupokea hiyo tembo kutoka mkononi mwa nyanya yake Kazungu, lakini Mama akasema atakwenda kusalimia watu na kula chakula, lakini lile jambo lingine wasahau. Wakubwa wakaondoka na hofu hiyo. Mimi nilifurahi. Nilifikiri kwamba huko pwani, angalau, wana nafasi.

Tulikodi basi zee la rangi ya bluu. Ndani walikuwa akina mama wa kanisa na nyimbo zao, Baba na suti yake moja, Rosebela kando ya dirisha, na Mzee Omolo, aliyechaguliwa kuwa msemaji wetu kwa sababu angeweza kuzungumza na ukuta ukamjibu. Chupa za chai zilipita mkono kwa mkono, na mayai ya kuchemsha yakamenywa juu ya magazeti. Madirisha ya basi lile hayakufungika. Vumbi la njiani lilitufanya sote wekundu, na Mama, ambaye kifua chake hakikupenda vumbi, alipiga chafya tangu Sultan Hamud na kupenga kamasi kwenye leso yake mpaka tulipofika.

Tulipoingia Tsavo nilibandika paji la uso kwenye dirisha. Niliona udongo mwekundu, mibuyu, na vichuguu, lakini tembo sikumwona. Nilimwuliza kila mtu aliyekuwa macho.

"Ngoja tufike," Mzee Omolo akaniambia. "Huko tembo itakuwa mingi mpaka uchoke." Alisema hivyo kwa furaha ambayo sikuitegemea kwa mtu mzima.

Baada ya Mariakani hewa ikawa nzito na ya joto, yenye unyevu kama ya chumba cha kufulia. Minazi ikaanza. Mashina ya minazi yalikuwa yamechanjwa vidato, na wanaume walipanda wakiwa na vibuyu viunoni kama watu wanaopanda ngazi ya nyumbani kwao. Kando ya barabara kulikuwa na kibanda chenye bati lililoandikwa kwa chokaa. Siku zile nilikuwa nasoma kila kitu kwa sauti, nikakisoma na hicho: "Tembo tamu."

Wimbo ukakatika basi zima. Mimi nikaacha kusoma. Kumbe hawa wakwe zetu wanamla tembo. Nilimshika mama mdogo mkono na nikakuta kiganja chake kimelowa jasho, nikajua naye ameliona lile bati na anaogopa kama mimi.

Tulipokewa vizuri sana. Tulipewa maji ya kunawa na madafu, na watoto wa pale walinitazama viatu. Nilipochoka kutazamwa nilifuata harufu hadi jikoni, ile harufu niliyowaambia, na hapo nikamkuta nyanya yake Kazungu. Wote walimwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama. Alikuwa kikongwe mdogo, leso mbili mwilini. Ujana wake aliishi Mombasa kwenye nyumba ya Waswahili, na huko alijifunza mapishi. Alikuwa ameweka sinia juu ya makaa na makaa mengine juu ya kifuniko, na ndani yake mkate wa mchele ulikuwa ukiiva.

Nikaona hapa ndipo pa kuuliza. "Hawe, hiyo tembo mnafungia wapi?"

Alinitazama. Nikarudia, nikamwonyesha kwa mkono jinsi mkonga ulivyo. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Halifungwi, mwanangu," akasema. "Limo humu, ndani ya mkate."

Nami nikacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka wazee wanapomfanyia mzaha. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama yangu anapenda mkate. Nikamwambia anapenda sana.

"Haya," Hawe akasema, na akaligeuza sinia.

Uani mikeka ilikuwa imetandikwa. Wazee wao walikaa upande mmoja na sisi upande wa pili, na katikati kulikuwa na kibuyu chenye mrija, kizibo chake cha majani kikiwa kando. Mjomba wake Kazungu, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, ndiye aliyekuwa akiongoza. Alisema maneno mazuri juu ya Rosebela. Kisha akasema, "Aliyemlea bibi harusi na aonje, ndipo tuendelee."

Mama alinyoosha mgongo. "Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini niliapa juu ya kaburi la baba yangu. Siwezi."

"Mimi naweza kuonja kwa niaba yake," Mzee Omolo akajitolea haraka.

"Wewe hukumlea," mjomba akamjibu.

Kuku alipita juu ya mkeka na hakuna aliyemfukuza. Kazungu alitazama miguu yake, na safari hii hakucheka kabla wala baada. Rosebela hakulia; uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba hakuna harusi. Mjomba akachukua kizibo, akaanza kukirudisha kwenye kibuyu.

Hapo Hawe akatoka jikoni na sinia lake. Alipita katikati ya wanaume bila kuomba njia, akakaa mbele ya Mama, magoti kwa magoti.

"Mgeni wangu hajala," akasema. "Kibuyu kingoje. Mama, nimekupikia kwa mkono wangu. Pokea."

Akakata kipande na kukitoa kwa mikono miwili. Mjomba alifungua kinywa kusema jambo. Hawe akamtazama, naye akakifunga.

Mimi nilikuwa nimebanwa ubavuni mwa Mama. Nilimwona amekaza taya, nikamwonea huruma, nikafikiri ule mzaha wa jikoni utamchekesha. Nikamnong'oneza sikioni: "Mama, huyu nyanya anasema tembo iko ndani ya hiyo mkate."

Mama hakucheka. Alipokea kipande kile, akakiinua hadi puani, akakaa nacho hapo muda mrefu. Kisha akamtazama Rosebela. Kisha akaniambia taratibu, "Nyamaza, ukule," na akauma.

Alitafuna polepole akiwa ameinamisha macho, akameza. Hawe akamkatia kipande cha pili, nacho akala.

"Ni mtamu?" Hawe akauliza.

"Ni mtamu, mama. Asante."

Hawe akaweka mkono juu ya goti la Mama na kuuacha hapo. Akawageukia wazee. "Mmeona wenyewe. Amepokea kwa mkono wangu."

Mjomba alifikiri kidogo, kisha akaweka kizibo chini. "Tumeona," akasema. Vigelegele vikapigwa, na Mzee Omolo akawa wa kwanza kuusogelea mrija. Akina mama wa kanisa nao wakashambulia mkate, wakamaliza masinia mawili, na mwenyekiti wao akataka kujua unaumukaje hivi bila hamira. Hawe akamwambia ni maji ya pwani tu, hayapatikani Nairobi.

Mimi sikuonja nyama pale, kwa sababu mnazoweza kukisia. Lakini mkate nilikula.

Tuliporudi, Mama alibadilika kidogo, na sikujua kwa nini. Harusi ilipangwa, yeye mwenyewe akashona gauni, akaimba akishona. Lakini kanisani alikaa benchi la nyuma bila kitambaa chake cheupe, na meza ya Bwana ilipoandaliwa alibaki kwenye kiti. Hakusimama tena kutoa ushuhuda wa kiapo chake, wakati ule wala baadaye. Siku moja mchungaji alikuja nyumbani, tukaambiwa twende tucheze nje. Krismasi ilipofika akarudi mezani. Mimi niliamini tumbo lilikuwa linamsumbua tangu safari ile.

Nilikuwa sekondari, likizoni kwa Rosebela na Kazungu kule pwani, siku mama mdogo aliponipa kibuyu kidogo akaniambia, "Kimbia kwa mgema uniletee tembo tamu, nataka kuumua unga." Nilifika katikati ya njia ndipo akili ikafunguka: kumbe tembo ni pombe ya mnazi. Nilisimama pale na kibuyu nikicheka peke yangu, nikamkumbuka tembo wangu wa darasani na bati la chokaa. Halafu nikakumbuka nilichomnong'oneza Mama, na kicheko kikaniishia.

Nilimwuliza mara moja tu, alipokuwa ameshazeeka na anakaa kwangu. Nilikuwa nimempikia mkate huu huu, kwa hamira ya dukani. Nikamwambia, "Mama, siku ile kwa Hawe, pua yako si ilikuambia?"

"Pua gani?" akasema. "Pua ilikuwa imeziba na vumbi la njia nzima. Nilijaribu kunusa, sikusikia kitu."

"Sasa ulijuaje?"

"Si wewe uliniambia?"

Nikakaa chini. Miaka yote nilidhani neno langu lilipita kama upuuzi wa mtoto, na kwamba pua ndiyo iliyojua. Kumbe Mama angeweza kula bila kujua, akarudi nyumbani na kiapo chake kizima, akavaa kitambaa chake Jumapili. Mimi ndiye niliyemfanya ajue, na alipojua, alimtazama mdogo wake na akala. Nilitamani kumwomba msamaha, na nilitamani kumshukuru, na sikujua nianze na lipi. Nikauliza tu, "Na uliniamini, maneno kama yale?"

"Hukuwa mtoto wa uongo," Mama akasema, na akasogeza sahani yake. "Nikatie kingine."