Kinyaa cha Dada

Nasema wazi: kazi ya dada yangu inanitia kinyaa. Ni dobi wa hospitali. Mimi niko chumba cha pili, napiga pasi, kwangu nguo zinafika safi zinanukia sabuni. Yeye ndiye anayezipokea zikitoka wodini, na shuka la mgonjwa lina kila kitu kinachoweza kutoka mwilini mwa mtu. Sitaki kuendelea, nimetoka kula sasa hivi.

Madobi wote huvaa glavu. Dada havai. Ukimuuliza, anakujibu kwa sauti ile ya kanisani, "Mateso haya nayatolea kwa Mungu, mdogo wangu. Kwa ajili ya roho za toharani, zitakaswe ziingie mbinguni." Kabla hajafungua gunia la kwanza anafanya ishara ya msalaba, kisha anatumbukiza mikono mitupu. Na hizo roho zenyewe ni roho moja tu, ya marehemu mumewe, mlevi yule, ambaye uhai wake wote hakumletea mkewe hata kitambaa cha kichwa. "Shemeji alikutesa akiwa mzima," nilimwambia, "na sasa amekufa bado unamfulia!" Akavuta gunia jingine.

Wenzake wakampachika jina, Mama Toharani, na hawakuishia kwenye jina. Gunia la chumba cha upasuaji likifika, kila mtu ghafla ana shughuli. Msimamizi mwenyewe, na tumbo lake lile, anachungulia mlangoni kaziba pua: "Mpeni Mama Toharani, yeye mshahara wake uko mbinguni." Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ptuu! Sijui kipi kilinuka zaidi, gunia au kicheko.

Siku moja akachomwa kidole gumba na pini iliyosahaulika ndani ya shuka. Kidole kikavimba, kikatunga usaha. Nesi akampa dawa na kumwonya: asafishe kidonda kila siku, avae glavu, la sivyo kidole kitakatwa. Dada akakiviringisha kitambaa akarudi kwenye karo la kufulia. Dawa hakuigusa. "Na hili nalitolea," akasema. Wiki ilipoisha kitambaa kilikuwa cha kijani, na chumba tunacholala sote wawili kilikuwa hakikaliki. Nilitamani kumzaba kofi.

Jumapili baada ya misa nikamburuta mpaka sakristia, chumba cha mavazi nyuma ya altare, Padre hajavua hata kanzu. "Baba, mwambie huyu. Mimi hanisikii kabisa."

Padre akauangalia mkono, akageuza uso kidogo. Nilimwona. Kisha akasema, "Mama, teso ambalo huna la kulifanya, hilo litolee. Lenye dawa, litibu. Mungu hakukutuma uoze."

Nikadhani yamekwisha. Kumbe wapi! Tulipofika nyumbani dada aliketi kitandani akaangua kilio, mtu mzima yule, nikaogopa.

"Nyie hamjui," alisema. "Mume wangu siku zake za mwisho alikuwa anajichafua kitandani. Aliniita. Nikafika mlangoni, harufu ikanipiga, nikarudi uani nikakaa. Akaita, akaita. Nikajiambia, ngoja nipate nguvu nitaingia. Nilipoingia ameshakufa, mchafu vilevile. Wala si kwamba nilimchukia. Nilimwonea kinyaa tu. Haya, niambie, kinyaa hicho nakilipa na nini?"

Miaka yote nilidhani anamlipia yule mlevi madhambi yake.

Nikachemsha maji, nikatia chumvi, yalipopoa kidogo nikapiga magoti mbele yake na beseni. Kitambaa kilikuwa kimegandana na nyama. Nilipokivuta usaha ukanichuruzikia vidoleni, na ile harufu, Mungu wangu! Nikaziba pua kwa bega, machozi yakanitoka. Nilipoinua kichwa dada alikuwa ananikodolea macho. Akaurudisha mkono haraka, akauficha mgongoni.

"Unanionea kinyaa."

"Sana," nikamwambia. "Karibu nitapike. Lete mkono."

Akauleta.