Upepo Walioupa Jina la Radi

Mpaka leo nikisikia mtu anasema kaka yangu aliuawa na radi, namkatiza hapo hapo nimsahihishe, hata kama tuko msibani. Nimeshaitwa mkorofi kwa ajili hiyo. Sijali. Nilikuwapo, na macho ninayo.

Ilikuwa miaka ile Wazungu walipoingiwa na wazimu wa dhahabu ya Geita. Mmoja wao alikuwa na ndege yake mwenyewe, ndogo, ya mbao na turubai, yenye viti viwili visivyofunikwa juu. Aliirusha kutoka uwanja wa nyasi uliokuwa jirani na kwetu, nje ya mji wa Shinyanga, hadi kambini kwake Geita. Kaka yangu alikuwa mtumishi wake. Kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe uwanjani, kushikilia bawa upepo ukivuma, na kukaa kiti cha mbele safarini, kwa sababu bwana alihitaji mtu wa kumsukumia ndege akishatua kule. Kaka alijivunia mno kiti kile. Mimi kilinichukiza tangu mwanzo.

Nilikuwa nimeolewa mjini, kwa mfanyabiashara Mwislamu, lakini mwanzo wa mvua ulinikuta kwa baba nikisaidia kulima. Mchana ule wingu lilikuwa limesimama upande wa magharibi, jeusi chini, jeupe juu, na hapakuwa na hata jani lililotikisika. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Wanawake walikuwa wanaanua mtama, wachungaji wanarudisha mifugo. Kila mtu kwetu anajua kwamba wingu la namna ile hutanguliza upepo, na upepo wenyewe haupiti juu tu, hushuka ukaigonga ardhi, ukang'oa paa la nyasi na kulitupa kwenye shamba la jirani. Bwana yule naye aliliona. Nasema aliliona, maana nilimkuta amesimama mikono kiunoni analitazama.

Nilikuwa nimekwenda kumwita kaka arudi nyumbani. Akaniambia bwana ana wageni kambini, nyama imeshachomwa, wanamsubiri. Ameamua watapita kando ya wingu. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akacheka, akasema hakuajiriwa kuona.

Wakaruka. Walikuwa ndiyo kwanza wanaingia juu ya mbuga ya udongo mweusi, upepo ukashuka. Niliona vumbi linakuja mbio chini chini, nikaona bawa moja linainuka, kisha ndege nzima ikakandamizwa ardhini kama mtu anavyokandamiza nzi. Ilipokwisha kuanguka, nasema ilipokwisha kuanguka, ndipo radi ilipopiga, tena mbali, kwenye vilima vya mawe.

Tulikimbia watu wengi, baba yangu akiwa mbele. Bwana alikuwa ametupwa nje, mkono umevunjika, lakini anatembea. Kaka alikuwa hai, miguu imebanwa na injini, na alikuwa anazungumza. Tulipofika karibu kiasi cha kumsikia, watu wote wakasimama. Baba naye akasimama.

Kwetu kilichopigwa na radi hakiguswi mpaka aje mfumu, yaani mganga, akinyunyizie dawa. Anayekigusa kabla ya hapo anaipeleka radi nyumbani kwake. Walikuwa wamesikia mngurumo, wakaiona ndege iko chini, basi wakajumlisha. Nikawaambia ni upepo. Nikawaambia tazameni, hakuna palipoungua, turubai lenyewe halina hata alama ya moto. Walinitazama kwa huruma na hawakusogea. Bwana akawaamuru kwa Kiswahili chake kibovu, wakainamisha vichwa. Mtu akatumwa kwa mfumu, ambaye aliishi mbali, na mvua ilikuwa imeshaanza kumwagika.

Nilikwenda peke yangu. Nikaingiza bega chini ya chuma kile, nikasukuma mpaka nikaona kiuno kinataka kukatika, hakikutikisika. Bwana akaja kusaidia kwa mkono wake mmoja. Ilikuwa kazi ya wanaume kadhaa wenye nguvu, na wanaume walikuwa wamejaa pale, wamesimama wanalowa. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, toka hapa. Una watoto."

Hata yeye aliamini. Yeye aliyekuwa ndani, aliyepigwa na upepo ule usoni, aliamini. Sijapata kukasirika kama nilivyokasirika wakati ule, nimekipakata kichwa chake na yeye ananifukuza.

Mfumu alipofika na pembe lake la dawa, kaka alikuwa ameshakata roho. Akanyunyiza alichonyunyiza. Wanaume wakashika injini wakainyanyua mara moja, bila hata kuhema.

Bwana alikuja matangani, mkono umefungwa kitambaa, kutupa pole. Akasema ni bahati mbaya, radi ni kazi ya Mungu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Watu ambao hawakuwahi kukubaliana naye hata juu ya malisho ya ng'ombe, siku ile walikubaliana naye. Ilimfaa yeye, maana radi haina wa kulaumiwa, na wala haikumwuliza kwa nini aliliona wingu akalifuata. Iliwafaa wao pia, waliosimama wamekunja mikono. Nikamwambia mbele ya wote, "Ulikuwa upepo, bwana, na uliuona ukija." Shangazi akanivuta kanga, akaniambia ninyamaze, huu ni msiba.

Miaka iliyofuata, kila mvua zilipoanza na mimi nikaenda kumsalimia baba, aliitikia marahaba, akakaa kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama haikuwa radi kweli. Nilimjibu vile vile kila mwaka, naye kila mwaka alinyanyuka akaenda kuwatazama ng'ombe. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, hawezi tena kunyanyuka. Akanishika mkono.

"Ilikuwa radi, mwanangu, au siyo?"

Nilimpenda sana baba yangu, na nilijua anachoniomba. Nikamwambia ulikuwa upepo.