Mifupa ya Mtoto wa Pili

Binti yetu wa kwanza alivunjika paja nikimbadilisha nepi. Nilimwinua miguu kwa mkono mmoja, kama mama yeyote, na mfupa ukalia kama kijiti. Ilikuwa miaka ya sabini, tukiishi Ruring'u. Mume wangu alikuwa askari polisi aliyehamishiwa Nyeri kutoka magharibi mwa Kenya, na majirani walinong'ona kwamba askari huyo anapiga hata mtoto mchanga.

Hospitalini daktari alimtazama mtoto macho, kisha akamgeukia mume wangu na kuyatazama yake. Weupe wa macho yao ulikuwa na rangi ya samawati, jambo ambalo mimi nililiona urembo tu. Daktari akauliza kama aliwahi kuvunjika utotoni. Mara nyingi, mume wangu akajibu. Kwao walimcheka kwamba hajui kupanda miti.

Daktari akatueleza. Tumboni, mifupa mingi huanza ikiwa gegedu laini, na jeni ndizo huamuru wapi na lini igeuke migumu. Jeni nyingine huamuru nyuzi zinazoushika mfupa. Hiyo ndiyo iliyokuwa na kasoro kwa mume wangu, naye alimrithisha binti yetu.

"Ni kama nyumba ya udongo iliyojengwa kwa fito mbovu," alisema. "Kila mtoto mtakayemzaa anaweza kuipata au kuikosa. Nusu kwa nusu."

Kabla binti yetu hajasimama, nilipata mimba nyingine. Niliibeba kwa woga, nikihesabu kila teke kama hatari. Mvulana alipozaliwa nilimfunua kope kwanza. Samawati. Mkunga akasema wachanga wengi huwa hivyo, nisubiri.

Siku ya chanjo ilipofika, nilikuwa bado nasubiri. Muuguzi alimshika paja kwa nguvu, nikamwomba alegeze, dada yake huvunjika.

"Mama, sijamdunga hata, na ni wewe unalia," alisema. Lakini alilegeza vidole.

Sindano ikaingia. Mtoto akapiga yowe, akarusha mguu ukamgonga muuguzi kifuani. Sote wawili tukautazama. Akaurusha tena, kwa hasira.

"Huyu ako na nguvu," muuguzi akasema. "Mlete mwezi ujao, tudunge ile ingine."

Miaka ilipopita tulijua kwamba hakuirithi kasoro ile. Asubuhi ile sikujua lolote. Niliketi kwenye ngazi za kliniki, nikimpapasa paja kutoka juu hadi chini, polepole, huku akinilalia na kulia.