Tiara ya Dama na Roketi ya Kadzo

Enzi zetu sisi, wenzangu, kitu cha kurusha hakikuja ndani ya boksi. Mishomoroni hii mnayoiona na maghorofa yake ilikuwa minazi na mihogo mitupu. Upepo wa kusi ukianza tu, kila mtoto atafuta gazeti kuukuu. Chelewa twachomoa kwenye ufagio wa mama, gundi twapika kwa unga wa muhogo, mkia twachana leso iliyochoka. Basi tiara hiyo! Harufu ya ile gundi mpaka leo ningali nayo puani.

Na fundi wa tiara alikuwa dadangu Dama. Si Karisa kakangu, ingawa sifa akila yeye. Maana baba yetu alikuwa na sheria yake. Akohoa kwanza, khm, khm, kisha asema kwa ile sauti yake ya ndani ya mtungi: "Mtoto wa kike akishika uzi wa tiara, upepo huondoka na kizazi chake." Imekwisha hiyo. Dama apime, agundishe, aisawazishe juu ya kidole kimoja. Ikikauka, Karisa huyoo, mbio uwanjani! Dama abaki nyuma ya nyumba achungulia pembeni ya makuti, aonacho ni mkia tu ukipita juu ya minazi. Jioni Karisa arudi kifua mbele kama jogoo: "Mmeiona tiara yangu? Mmeiona?" Yangu, ati! Dama acheka tu, aendelea kukuna nazi.

Mwaka mmoja akatengeneza kubwa, ndefu kuliko yeye mwenyewe. Mwaka huohuo Karisa akaenda Miritini kwa mjomba, kutafuta kazi. Dama akamshika baba miguu, airushe yeye, mara moja tu, hata alfajiri watu wamelala. Baba, khm, khm, akaichukua akaitundika uchagani, juu ya meko. "Ngoja kakako aje." Karisa hakuja. Kusi likaisha, moshi ukaifanya nyeusi kama sufuria. Dama akaolewa Mtongwe, ng'ambo ya feri, akaiacha yaning'inia palepale. Baadaye mama aliishusha, karatasi zikapukutika, zile chelewa akazifunga ufagio. Tukafagilia.

Sasa haya ya juzi. Mjukuu wangu Kadzo, msichana wa chuo, kaja na boksi. Ndani mna bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao kama ya papa, pua ya plastiki, na mwavuli wa kitambaa chepesi. "Ni roketi, Hawe." Hawe kwetu ni bibi. Nikasema, ehe, siku hizi mwanunua hata upepo! Akakaa pale mezani na msasa na gundi, nikisogea kidogo tu: "Hawe, usipumue hapo, pezi litapinda!" Mtoto huyu hata chai yamshinda kungoja ichemke, lakini gundi yuwaingojea ikauke kama angojaye posa. Kisha nikamwona ailaza roketi juu ya kidole kimoja, ajue uzito umekaa wapi. Dama huyo! Hakuna aliyemfundisha vile kwetu. Nikasema, siku ya kuirusha lazima Dama awepo.

Tabu ni kwamba Dama macho yamekwenda. Mtoto wa jicho, alikawia kutibiwa, na mwaka huu hata mkono wake mwenyewe haoni. Nikamwambia, "Twende, nitakuonea mimi." Akanijibu, "Wewe? Mwongo tangu utotoni." Lakini alikuja, kajitanda leso mpya.

Uwanjani roketi imesimamishwa kwenye fimbo ya chuma, waya watoka chini yake mpaka kwenye kidude alichoshika Kadzo. Mwalimu wao wa chuo, kijana wa bara, apunga mikono: "Nyinyi wote kujeni huku nyuma! Shosho, na wewe, nyuma kidogo!" Shosho kwao ni bibi. Dama akaganda kitini. "Nyuma nimekaa sana, baba." Kijana wa watu akakuna kichwa, mwisho akakibeba kiti mwenyewe, akakiweka kwenye kamba ya kuzuia watu kabisa, mbele ya kila mtu.

Wakaanza kuhesabu kurudi chini. Vijana wote wameinua simu; sijui wao watatazama lini. Kadzo akabonyeza. Fshaaaa! Moshi, mchanga, na kitu hakipo tena. Dama akainua uso, lakini kauelekeza kwenye nyumba. Nikamshika kidevu nikamgeuza.

"Iko wapi?"

"Hapo. Juu. Juu zaidi. Sasa imekuwa kama sindano."

"Uzi kashika nani?"

"Haina uzi."

"Haina uzi? Na aliyeirusha?"

"Kadzo. Mwenyewe."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Na baba yake yule pale, apiga makofi kama mwehu."

Huko juu ikalia pu! na mwavuli ukachanua mwekundu. Nikamwambia imefunguka, yashuka pole pole, yayumba, yaja. Alikuwa kanibana mkono mpaka ukaniuma. Kadzo akaikimbilia, akaja akamlazia mapajani. Dama akaipapasa pezi kwa pezi, akafuata mshono wa gundi kwa ukucha, akafika chini.

"Ina joto," akasema.

Kisha akauliza kama itaruka tena. "Leo basi, Hawe," Kadzo akamwambia, "injini ilikuwa moja." Dama akaitikia kwa kichwa. Akaikumbatia hivyohivyo mpaka feri, na Kadzo hakuthubutu kuiomba.

Mimi nilikuwa nimemshika mkono, namwelekeza penye ngazi. Enzi zetu Dama alikuwa na macho, hakupewa anga. Leo kapewa anga lote, na macho yamekwenda.