Wasifu wa Mgeni wa Nyuklia

Kwetu magharibi ya nchi, mgeni asiyetajwa vyeo vyake vyote ni kama hajasalimiwa. Nilianza kushika kipaza sauti kwenye mazishi nikiwa bado sekondari, na najua kumtambulisha mtu mpaka ajishangae mwenyewe: naibu chifu mstaafu, mweka hazina wa zamani wa shule, shemeji wa marehemu upande wa mke wa pili, mtu aliyewahi kufika Ulaya. Ukiruka kimoja utasikia habari yake miaka kumi. Kwa hiyo msinilaumu kwa yaliyotokea. Au nilaumuni, lakini mnisikilize kwanza.

Nilikuwa mtu wa itifaki katika kampuni ya mahusiano ya umma, ghorofa ya tisa, Westlands, ofisi yenye vioo vingi na kahawa chungu. Kazi yetu ilikuwa kumkutanisha mwenye jambo lake na mwenye uwezo wa kulikubali. Sisi tuliiita mawasiliano. Mume wangu aliiita udalali wa maneno. Kwa miaka mitatu nilifanya kazi kwa mikataba ya miezi sita sita, na sasa bosi alikuwa ameniahidi ajira ya kudumu. Niliitaka sana. Nilikuwa nimeanza hata kuwasalimia walinzi wa mlangoni kama mtu asiyeondoka.

Ndipo akaja mteja wa nyuklia. Ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyotaka kujenga kinu cha umeme kando ya ziwa, na kabla serikali haijaamua lolote, ilitaka watu wa huko wawe wamelainika. Tukaalika walimu, wachungaji na viongozi wa vikundi vya akina mama kutoka sehemu hiyo, tukawaweka katika hoteli moja katikati ya jiji. Msemaji angekuwa mzee Mwingereza wa miaka sabini na kitu. Bosi alinipa maneno ya kumtambulisha, na yalikuwa mistari miwili tu: huyu ni mtaalamu huru wa nishati, tumkaribishe.

Nilikasirika. Mzee wa watu amevuka bahari na mvi zake, halafu nimtambulishe kama fundi aliyekuja kuangalia bomba. Nikakaa kwenye kompyuta kumtafuta. Waingereza wana jambo moja ninalolipenda: bungeni kwao mtu huandika hadharani ni nani anamlipa, na yeyote akitaka atasoma. Nilimpata bila taabu. Aliwahi kuwa waziri mdogo wa nishati. Sasa anakaa katika bunge lao la juu. Aliongoza kundi la wabunge walio marafiki wa nyuklia. Na chini kabisa, mshauri wa kulipwa wa kampuni fulani, ambayo ndiyo mteja wetu.

Sitawadanganya kwamba nilishtuka. Nilifurahi. Bosi hakuona cheo hata kimoja, mimi nimepata vinne. Nikavichapa vyote kwenye ukurasa mmoja, herufi kubwa, nikaenda zangu nyumbani Uthiru nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Siku ya mkutano tuliomba, tukanywa chai, nikasimama. Nilisema itifaki yote imezingatiwa, nikaanza. Uwaziri ukapigiwa makofi. Bunge la juu likapata kigelegele kutoka kwa akina mama wa nyuma. Kundi la wabunge likapigiwa makofi tena. Hapo nikamwona bosi kando ya meza ya chai, anatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia. Alikuwa ameng'amua ninakoelekea. Na mimi ndipo nikang'amua kwa nini alinipa mistari miwili na lile neno huru.

Mbele yangu alikaa mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, daftari likiwa pajani. Alikuwa ameandika vyeo vitatu kwa namba, na kalamu yake ilikuwa imeshaandika namba nne. Nikasoma cha nne. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Yule mwalimu alisimama bila haraka. "Asante mheshimiwa kwa kutoka mbali," alisema. "Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa tuambie tu ukweli, leo umekuja kama serikali, kama bunge, ama kama kampuni? Maana hizo ni suti tatu na mtu ni mmoja."

Nikamtafsiria. Mzee aliiva uso wote kwa wekundu, akatazama kahawa yake, akacheka kicheko kifupi. Kisha akasema leo amekuja kwa niaba ya kampuni, na kampuni inamlipa. Nikatafsiri hilo pia, neno kwa neno.

Nilidhani watu wataondoka. Badala yake wakasogeza viti mbele. Waliuliza taka za kinu zitazikwa wapi, maji ya ziwa yatakuwaje, na kama kitu chenyewe ni kizuri hivyo, je, kuna kingine karibu na nyumba yake kule kwao. Mengine aliyajibu vizuri, mengine alikiri hayajui. Nimeongoza mikutano mingi, na huo ndio nilioupenda kuliko yote. Hata chakula kilipokuja, samaki asiye na kichwa wala mfupa, watu wa ziwa walimcheka mpishi mpaka naye akatoka jikoni kucheka.

Wakati wa kuondoka yule mzee aliniomba karatasi yangu. Aliisoma taratibu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsomea hayo yote kwa mkupuo mmoja. Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu. Aliikunja akaitia mfukoni.

Kesho yake asubuhi bosi aliniita. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ajira yangu ya kudumu, ameshaitia sahihi. Nyingine ilikuwa barua kwa wote waliohudhuria, yenye jina langu chini: kwamba taarifa nilizosoma zilikuwa na makosa, na mgeni hana uhusiano wowote na kampuni yoyote.

"Weka tu sign zote mbili, madam, tumalizane," alisema. "Client amewaka."

"Lakini bosi, si alikubali mwenyewe mbele ya watu?"

"Alikubali kwa mdomo. Barua ndiyo huwa inabaki." Kisha akaniangalia sawasawa. "Hebu niambie. Ulijua unasoma nini?"

Ningeweza kusema sikujua, na angenisamehe siku hiyo hiyo. "Vitatu vya kwanza vilikuwa heshima tu," nikasema. "Cha nne, nilikuona ukitikisa kichwa."

"Na bado ukasoma."

"Nikasoma."

Akanisogezea kalamu. Niliiona ile barua ikifika kule ziwani. Nilimwona yule mwalimu akilifungua daftari lake na kuikata namba nne, bila kuuliza, kwa sababu aliyeshika kipaza sauti ndiye aliyesema ikatwe. Hilo ndilo lililoniuma. Bosi hakuwa mtu mbaya, na kazi yenyewe niliipenda. Nikaziweka karatasi mbili pamoja, bila sahihi yangu, nikamrudishia.

Nilishuka kwa ngazi ghorofa zote tisa, nikawaaga walinzi, nikanunua mahindi ya kuchoma hapo nje nikala nimesimama. Nilikuwa na furaha ya ajabu, na njaa kubwa zaidi. Nilifika Uthiru kabla ya saa sita, nikamkuta mume wangu anaanika nguo.

"Mbona mapema?" aliuliza. "Walikupa ile kazi?"

"Walinipa," nikamwambia. "Nimeirudisha."