Hodi ya Wimbo

Kule Kivu, wakati wa vita, wenye bunduki walipiga hodi kwa adabu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wangevunja mlango, labda mume wangu angewahi kuruka dirishani. Walibisha kama majirani walioishiwa chumvi, naye akawafungulia. Sikumwona tena.

Kwa hiyo nilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na binti yangu mdogo, tukapewa kiwanja na turubai, kitu cha kwanza nilichotafuta hakikuwa jembe, zilikuwa mbao za mlango. Nyuma ya mlango huo niliweka dumu la maji, limejaa pomoni, na juu yake jiwe la kusagia. Majirani waliacha milango yao wazi kutwa, kuku wakiingia na kutoka wapendavyo. Wangu ulifungwa hata jua likiwa utosini. Walinitania kwamba nimeficha dhahabu. Niliwaacha wacheke.

Mchana mmoja binti yangu alishikwa na homa, kisha degedege. Nilikuwa nimempakata, macho yamegeuka meupe, nikasikia mtu nje akisema hodi. Niliogopa mtoto asije akanifia mikononi, na niliogopa zaidi kufungua. Hodi ikarudiwa. Nikaziba mdomo wangu kwa kitenge. Kisha nikasikia miguu ikiondoka, na hapo nikaona sasa tumekwisha, amekwenda kuita wenzake.

Aliyekuwa nje ni mjane mmoja mzee wa kanisa letu, mkimbizi wa Kivu kama mimi, aliyelima shamba lililopakana na langu. Hakwenda zake. Alirudi mpaka barabarani, akaanza kuja upya, safari hii akiimba. Ulikuwa wimbo wetu wa Jumapili asubuhi kule nyumbani, na aliuimba vibaya, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufukuza ndege kwenye mtama. Wimbo ukasogea polepole. Nilimtambua kabla hajafika mlangoni. Nikaburuta dumu.

"Na miye balinipigia hodi, mutoto wangu," alisema huku akimfunga binti yangu mgongoni. "Balichukua batoto bangu. Tangu ile siku nikisikia hodi natetemeka mwili yote. Ju ya ile nimekuya na wimbo. Bale habakukuya na wimbo ya Mungu."

Tulipanda boda boda mpaka zahanati, na kutoka pale gari la wagonjwa likatupeleka hospitali ya mji wa Mbarara. Mtoto aliongezewa damu lakini hakuamka. Nilikaa chini kando ya kitanda, na kila mlango wa wodi uliposukumwa nilishtuka na kumfunika mtoto kwa mwili wangu.

"Mama, wewe iko na nini?" muuguzi aliniuliza. "Hapa hospitali, hakuna mutu ya kukamata wewe."

Maneno yake yalikuwa mema, ila hofu haisikii maneno. Kilichonituliza kidogo ni yule mjane. Waumini wa Nyamityobora, mtaa wa mji ule, walimpa mahali pa kulala, na kila asubuhi alikuja kwa miguu, akianza kuimba kwa sauti ya chini tangu mwanzo wa baraza ili nisishtuke.

Asubuhi moja wimbo ulipoanza huko mbali, binti yangu alisogeza midomo.

"Bibi anakuya," alisema.

Nililia mpaka muuguzi akaja mbio, akidhani nimefiwa.

Tangu hapo wanawake wa kanisa letu tukashika desturi hiyo. Hakuna kikao kilichoipitisha. Ukienda kwa mgeni aliyetoka vitani, unaanza kuimba barabarani. Mjane wetu aliishi na hofu yake hadi tulipomzika pale Nakivale. Mungu hakumwondolea; alimwonyesha tu pa kuipeleka, na mimi ni mmoja wa waliopona kwayo.

Muda mfupi baada ya mazishi aliletwa mwanamke mwingine kutoka Kivu, na mlango wake ukawa unafungwa mchana. Wenzangu wakanitazama mimi. Nasema kweli, sikutaka kwenda. Mtu mwenye hofu akishika panga hakuulizi wewe ni nani, na mimi nilijua nilichokuwa nikiwaza nyuma ya mlango wangu. Katikati ya njia wimbo ukakatika. Nilimtafuta yule mjane pembeni yangu, kwa mazoea tu, nikakuta majani ya migomba.

Nikaanza upya, vibaya kama yeye. Nilifika, nikasimama mbali kidogo na mlango, sikugonga. Ubeti wa kwanza ukaisha, ndani kimya. Nikaingia wa pili, macho yakiwa kwenye ule mlango.

Ndani, dumu la maji likaanza kuburutwa.